Mtani wa Bibi

Mwishoni mwa miaka ya tisini tulitoka Taita watu wanane wa kanisa moja, tukavuka mpaka kwenda kuwahudumia watu tusiowajua. Kivuko cha Rufiji kilituweka ukingoni siku nzima na usiku wake. Tulipofika Nachingwea vumbi lilikuwa limetuingia hadi kwenye kope. Wenzetu sita wakapelekwa Ruangwa, upande wa Mandawa, kusaidia kujenga darasa. Mimi na mwenzangu mmoja, msichana wa rika langu, tulibaki katika kijiji kimoja karibu na Chiola kuwahudumia wazee wagonjwa: kuchota maji, kufua, kufagia, kuwaogesha.

Bibi niliyempenda kuliko wote alikuwa Mmakonde, mjane, miguu imemvimba, akiishi na binti yake. Nilimchagua mwenyewe siku ya kwanza, nikamwambia mwenzangu achukue nyumba nyingine. Nilitaka huyo awe wangu. Nasema hivyo kwa sababu ndiyo kweli.

Siku hiyo hiyo nikiwa namwogesha, bibi aligeuza shingo akaniangalia.

"Nkono wako nzito. Unanisugua kama sufulia."

"Samahani, bibi," nikasema, nikalegeza mkono.

Siku ya pili akaniuliza, "Huko kwenu wanaume wameisha? Ndo maana mmekuja huku kuogesha vizee?"

Nikamwomba radhi tena, kisha nikamweleza kwa kirefu kwamba tumekuja kwa upendo wa Kristo. Alisikiliza hadi mwisho, akapiga miayo. Siku ya tatu alisema natembea kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Nikasema samahani, na jioni nikamsimulia mwenzangu yote huku nalia. Nilikuwa nimesafiri mbali kiasi kile kuja kuambiwa mimi kuku.

"Kesho twende wote," mwenzangu akasema.

Laiti ningemkatalia. Alikuwa hata hajaketi vizuri bibi alipomwanza. "Nyie watu wa Kenya, Kiswahili chenu kama ntu anapasua kuni."

"Afadhali sisi tunaopasua kuni, bibi. Ninyi mnaongea kama mmetia kiazi cha moto mdomoni!"

Nilifumba macho kwa aibu. Nilipoyafumbua, bibi alikuwa anacheka hadi anakohoa, kamshika mwenzangu mkono. "Huyu ntani wangu," alimwambia binti yake. "Nimepata ntani."

Tangu siku hiyo mwenzangu alikuwa akifika saa nne, jua limeshapanda, mikono mitupu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuchota maji ndoo tatu na kufua mashuka. Yeye aliketi, akatukanwa, akatukana, akala. Bibi alimwekea ming'oko, vile viazi vya porini wanavyochemsha kule, na mimi nilipokaribishwa nilisema nimeshiba, kwa kuwa tuliagizwa tusile chakula cha maskini. Mwenzangu aliagizwa vivyo hivyo. Alikula mpaka akalamba vidole.

Niliona wivu. Katika sala za jioni, nikiwa nimepiga magoti kando yake, nilimwomba Mungu ampe homa. Si ya kuua. Ya siku mbili tu.

Akapata. Malaria ilimlaza juma la pili, nami nikatembea kwenda kwa bibi karibu naimba. Nilimwogesha taratibu, nikampaka mafuta, nikamkata kucha.

"Ntani wangu yuko wapi?" akauliza. Baada ya kitambo akauliza tena. Nilipokuwa naaga alifunga ming'oko kwenye kitambaa akanipa. "Npelekee ntani wangu. Mwambie asife kabla yangu, nani atanizika?"

Niliila yote njiani, nimesimama katikati ya mikorosho, bila chumvi. Ilikuwa mitamu. Nilipofika nilimwambia mwenzangu kwamba bibi hakuuliza kitu.

Bibi alifariki siku tatu kabla hatujaondoka. Nilifika msibani na ndoo na sabuni yangu, nikidhani mimi niliyemwogesha kila siku nitaitwa ndani kwa mara ya mwisho. Wanawake walinipokea ndoo kwa heshima, wakaniambia, "Mgeni, kaa mkekani." Kisha mmoja akatokeza mlangoni akapaza sauti, "Ntani wa marehemu yuko wapi? Aje atuwashie moto!" Mwenzangu akakimbia, na watani wengine walikuwa wanampaka majivu kwa mzaha hata hajafika jikoni.

Baada ya mazishi binti wa bibi alikuja kuketi karibu nami. Nikashindwa kujizuia. Nilimuuliza kwa nini mama yake alimpenda mwenzangu akaniacha mimi.

Alinitazama kwa mshangao. "Mama alikutaka wewe, dada. Wewe ndo alianza kukutania, siku tatu nzima. Huku kwetu ntu akikutania anakuita uwe wake. Wewe ukawa unaomba samahani tu. Akasema, basi, huyu hanitaki, ananionea huruma."

Wakati huohuo kelele zilizuka uani. Watani huigiza marehemu ili wafiwa wacheke, na walikuwa wamemvika mwenzangu kanga za bibi, wakampa fimbo yake. Alikuja akichechemea, mgongo umepinda, akasimama mbele yangu. Watu wakasogea kusikiliza.

"Nkono wako nzito!" akasema kwa sauti ileile ya bibi, maneno niliyomsimulia mimi mwenyewe. "Unanisugua kama sufulia!"

Safari hii nilikuwa najua ninachotakiwa kufanya. Nilitafuta tusi, lolote, hata dogo. Bibi alikuwa amesimama pale na fimbo yake akinisubiri, na mdomo wangu ukafunguka.

"Samahani, bibi."

Uwanja mzima uliangua kicheko. Wanawake walijipiga mapaja, mzee mmoja alifuta machozi, mtu akapiga kelele kwamba kumbe na huyu mgeni naye ni mtani, tena mtani hasa! Walinipaka majivu usoni, wakaniletea sahani ya ming'oko. Mwenzangu alinikumbatia.

Nilikula. Sikumwambia mtu yeyote pale kwamba sikuwa natania.