Kisanduku cha Pili Kilikwenda Koboko

Zulaika binti Khemis hushona sare za shule mjini Arua, Uganda, kwenye barabara inayopanda kwenda Arua Hill. Ana cherehani tatu na redio isiyozimwa. Baba yake alikuwa sajini, tena sajini aliyependa kupigwa picha. Akipata buti mpya, anakwenda studio. Picha hizo za karatasi zilijaa sanduku la bati. Baadaye zikaja za simu: harusi za watoto, wajukuu walioko Juba na Kampala, na mazishi ya mzee mwenyewe, video yenye urefu wa saa nne. Mimi hupita hapo katika safari zangu, nakaa kwenye benchi, napewa chai, naendelea. Ndivyo nilivyoijua habari hii.

Mwaka jana kompyuta alimohifadhi hizo za simu ilikufa. Fundi aliokoa kidogo tu. Ya mazishi zilibaki dakika kumi na moja za mwanzo, watu wakipanga viti. Zulaika hakulia. Alifunga duka saa sita mchana, akaenda kwa Draku anayeuza kompyuta karibu na stendi, nami nikamfuata kwa sababu sikuwa na kazi.

"Mwanangu, nipe kitu ya kuweka picha zote za baba, isiyokufa."

"Mama, kitu isiyokufa haiko. Lakini hii iko." Draku akaweka mezani kisanduku cheusi, ukubwa wa mkate. "Unaunga na ruta yako ya intaneti. Simu zote za nyumbani zinatupa picha humu zenyewe. Ndani iko diski mbili. Ukiandika kwa moja, ya pili inaandika vilevile. Moja ikichoka, unatoa, unaweka mpya."

"Na radi ikipiga?"

Draku akakuna shingo. Huku kwetu radi si swali la mzaha. "Radi inachukua zote mbili."

"Na mwizi?"

"Mwizi anabeba kisanduku, mama. Hatakaa achague diski."

"Sasa hii ya pili inanisaidia nini?"

"Inakusaidia kwa ugonjwa. Kwa ajali, hapana." Alicheka, kisha akaacha kucheka, maana mama hakuwa anacheka. Akatoa visanduku viwili vidogo, kila kimoja na diski yake. "Chukua hizi. Moja ikae kwako, moja ikae nyumba ingine mbali. Zinaongea zenyewe kwa intaneti. Ukiweka picha hapa, na kule inafika. Nyumba ingine unayo? Yenye umeme usiozima na intaneti?"

Zulaika alihesabu ndugu zake kwa vidole. Dada yake wa Manibe ana sola ya taa tatu. Mwanawe wa Kampala huhama chumba kila mwaka. Kidole kilichobaki alikikunja, akakitazama, akakikunjua tena. Alikuwa amebaki Aziz wa Koboko.

Aziz ni mtoto wa mke wa pili wa sajini. Ana duka la dawa nyumbani kwake, na kwa ajili ya friji ya dawa ana betri kubwa. Umeme ukikatika Koboko nzima, kwake kunawaka. Lakini sajini alizikwa katika kiwanja cha mama yake Aziz, na nyumba ya kwanza, ya mama yake Zulaika, haikukubali. Tangu siku ile, miaka tisa, Zulaika na Aziz hawakuwa wamesemezana.

Alinunua vile viwili. Wiki ile nilikuwa naelekea Koboko, akasema tutakwenda pamoja. Kisanduku alikifunga kwa vipande vya kitambaa cha sare, na albamu moja ya baba kutoka sanduku la bati akaitia mkobani.

Aziz alikuwa dukani anahesabu vidonge. Hakuinuka.

"Karibu, dada ya Arua. Miaka tisa. Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa. Nimekuletea mgeni. Anakula umeme kidogo tu."

"Anasema?"

"Hasemi."

"Basi ni bora kuliko nyinyi wote wa nyumba ya kwanza. Aingie."

Tuliingia sebuleni. Zulaika akaeleza mambo ya radi na diski kama alivyoelezwa, hata shingo akaikuna vilevile. Aziz alisikiliza, kisha akaingia ndani, akarudi na albamu yake. Wakazifungua zote mbili mezani.

Kulikuwa na picha ya sikukuu ya Idi iliyotolewa nakala mbili, moja kila nyumba. Katika ile ya Zulaika, sajini amenyoosha mkono juu ya bega la mtu, na bega halipo. Mkasi umepita hapo. Katika ile ya Aziz, mke wa pili amekaa vizuri na kanga yake, ila upande wa kulia, alipokaa mama yake Zulaika, ndio umekatwa. Mama zao wote wawili walikuwa washonaji, wote walijua mkasi. Nao wote wameshakufa.

Zulaika alizipiga picha zote kwa simu, moja moja. Aziz akakiunga kisanduku na ruta yake, zikaingia.

"Dada," Aziz akasema, "funguo za hii kitu iko kwako. Siku moja utakasirika, utamfuta mama yangu mara ya pili."

Zulaika akachukua simu yake. Alimpigia Draku, simu ikawekwa mezani kwa sauti ya kusikika na wote.

"Nani anaweza kufuta picha?"

"Mwenye neno la siri kubwa, mama. Wengine wanaangalia tu na kuongeza. Nikuandikie wewe?"

Zulaika akaisogeza simu katikati yake na Aziz.

"Herufi ngapi?"

"Kumi na mbili inatosha."

"Basi mimi naandika sita, Aziz sita."

Aliandika zake, akampa simu Aziz, akageuka kutazama ukuta. Aziz akaandika huku amefunika kioo kwa kiganja kama mtu aliye kwenye mtihani.

"Na mmoja wenu akifa?" Draku akauliza.

Wakatazamana.

"Aachie watoto wake neno la siri," Aziz akasema.

"Nusu yake tu," akasema Zulaika.

"Nusu yake tu. Kwani nimesema zote mbili?"

Mke wa Aziz akaingia na maji ya kunawa kabla ya kula. Zulaika akakunja mikono ya gauni, akanawa.