Chungu cha Kwanza cha Mama Mulenga

Tangu aanguke bombani, Mama Mulenga aligeuzwa yai. Kila aliyeingia nyumbani kwake, pale mtaani Katuba, alimshika: huyu kiwiko, yule bega, mwingine kiuno kabisa, utadhani wanahamisha kabati. Binti yake mkubwa, aliyeitwa Mimi, ndiye aliyezidi. Alimnyang'anya ndoo, akakunja mikeka yote asije akajikwaa, kisha akaleta kiti cha plastiki na kukiweka mlangoni.

"Ikala hapa, Mama. Usitembee-tembee."

Na Mama Mulenga, mwanamke aliyezika mume na kulea watoto peke yake bila kuyumba, akakaa.

Tuseme ukweli, aliogopa. Mkono uliovunjika ulishaunga, nyonga iliacha kuuma, lakini woga haukufungiwa bendeji. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Yeye alishtuka akiona sakafu yenye maji. Akawa anatembea huku akitazama vidole vya miguu yake, kiganja kikiparaza ukuta, na kadiri alivyotazama chini ndivyo alivyopepesuka.

Ndipo Kiki, binti wa Mimi, akachumbiwa.

Kwa watu wa ukoo wao, waliotoka upande wa Pweto, harusi haifungwi kabla ya matebeto. Siku hiyo wanawake wa upande wa binti huwapelekea wakwe vyakula, vyungu vichwani, wakiimba. Chungu cha kwanza, chenye kuku mzima, hubebwa na mama mkubwa kuliko wote. Huingia nacho kwa wakwe, hupiga magoti nacho kichwani, hukitua mwenyewe, kisha husimama bila kushikwa na mtu wala kushika kitu. Ndoa isianze kwa kuegemea, ndivyo walivyosema wazee wao. Mama Mulenga aliwabebea binti zake wote chungu hicho. Kiki, aliyemlea mgongoni, alikuwa amebaki.

"Mi njo nitabeba," Mimi alikata shauri. "Weye utaikala mu gari, utaangalia."

Usiku huo Mama Mulenga hakula, na alipoulizwa alisema ni tumbo. Halikuwa tumbo. Alikuwa na hasira, na hasira ile ndiyo iliyomtoa kitini.

Pale kwenye zahanati ya mtaa palikuwa na binti aitwaye Dorine, aliyesomea chuoni Kasapa kazi ya kuwafanyisha watu mazoezi ya viungo. Asubuhi aliwakusanya wazee uwanjani na kuwafundisha tai chi, mazoezi ya Wachina ya kwenda polepole, ili wasianguke. Mama Mulenga alifika akitegemea ngumi na mateke. Akakuta wazee wamenyoosha mikono hewani kama wanaopapasa nguo kwenye giza. Wauza makaa waliokuwa wakipita njiani walicheka: "Bazee banajifunza kuruka!"

Mzee Djafari, fundi cherehani mstaafu ambaye baba yake alitoka Maniema, alimsogezea nafasi. "Karibu, Mama. Hapa hatupigane na muntu. Tunapigana na udongo. Udongo njo unatutafuta."

Kazi yenyewe haikuwa ya kuchekwa. "Weka uzito wote ku muguu wa kushoto," Dorine alisema. "Ule wa kuume ukiisha kuwa mwepesi, njo unauinua. Usiharakishe kuupatia kazi. Na macho mbele, Mama. Chini haitakimbia."

Wiki za mwanzo mapaja yalitetemeka, na alirudi nyumbani akimtukana Mchina aliyeleta balaa hilo. Lakini kesho yake alikwenda. Asubuhi moja Dorine aliwaambia wasimame kana kwamba kuna uzi unaovuta utosi kuelekea juu. Mama Mulenga hakujua mambo ya nyuzi. Alijitwika chungu, chungu cha mawazo tu, na palepale shingo ikanyooka, macho yakapanda, magoti yakakumbuka kazi yake. Alijisikia amerudi kwake baada ya safari ndefu.

Sasa, mtu mwenye subira angeishia hapo. Yeye alirudi nyumbani, akajaza maji kwenye sufuria, akajitwika, akaanza mazoezi uani peke yake. Mimi aliingia akamkuta amesimama kwa mguu mmoja, sufuria kichwani, mikono hewani.

"Mama!"

Ukelele ule ulimshtua. Sufuria ikaenda chini kwa kishindo, maji yakamwagika pote. Mimi alikuja mbio huku machozi yakimtoka. "Unataka tukuzike mbele ya siku ya harusi ya mutoto?"

Mama Mulenga alitazama miguu yake, kisha akamtazama binti yake. "Ni nani ameanguka, Mimi? Sufuria ao miye?"

Mimi alifuta machozi, akatazama. Ni kweli, mama alikuwa amesimama wima katikati ya maji.

"Basi tuelewane," Mama Mulenga alisema. "Mpaka siku ya matebeto, nikishika kintu hata kimoja, ukuta ao mukono ya muntu, chungu iko yako. Nisiposhika, utaniacha."

Dorine alipopata habari alinuna, na alikuwa na haki. Akamwekea utaratibu: kwanza kitambaa kilichokunjwa, halafu chungu kitupu, maji baadaye kabisa, na kila mara mtu awe karibu. Mtu huyo akawa Mimi. Alisimama nyuma ya mama yake, mikono wazi, akisubiri anguko ambalo halikuja.

Siku ikafika. Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imenyesha alfajiri, na kwa wakwe maua ya jakaranda yalikuwa yametapakaa barazani, juu ya vigae vilivyolowa. Wanawake waliingia wakiimba, Mama Mulenga mbele, chungu cha udongo kichwani. Nyuma yake alikuja Mimi na chungu cha sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mikono yake ilikuwa na kazi. Hata angetaka kumdaka mama yake, asingeweza.

Mama Mulenga alipokanyaga kigae, kisigino kilikwenda.

Kuteleza si kuanguka, lakini aliyewahi kuanguka anajua jinsi mambo hayo mawili yalivyo jirani. Wimbo ulikatika. Mimi alifumba macho. Ila uzito wa Mama Mulenga ulikuwa bado kwenye mguu wa nyuma. Mguu wa mbele haukuwa umekabidhiwa kitu. Aliushusha mwili taratibu, magoti yakalegea, mikono ikafunguka kama kule uwanjani, macho mbele. Chungu hakikujua kwamba kuna jambo. Kisha akaurudisha mguu wa mbele mahali pake na kuendelea.

Wakwe walidhani ni ngoma ya kwao Pweto. Walipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia juu ya ukuta.

Akafika mbele yao. Akapiga goti moja, kisha la pili, akakitua chungu mwenyewe. Mjomba wa bwana harusi, mtu wa adabu, alimnyooshea mkono amwinue. Mama Mulenga aliutazama mkono ule, akamshukuru kwa kichwa, akauacha hewani. Mguu mmoja ukapandishwa. Uzito ukahamia. Wa pili ukafuata. Akasimama, na furaha iliyompanda ilikuwa kubwa hata akashindwa kuimba.

"Kuku yenu njo ile," alisema. "Hata muchuzi haikumwangika."

Ikawa zamu ya Mimi. Alipiga magoti vizuri, akatua chungu cha sombe, machozi yakimtiririka bila aibu. Kuinuka kukawa habari nyingine. Goti lilikataa, kiatu kirefu kikateleza, akatapatapa akitafuta pa kushika. Kwa chungu cha pili hakuna mwiko.

Mama Mulenga aliinama, akampa mkono, akamwinua.

Mimi hakuuachia mkono ule upesi. "Kesho munaanza saa ngapi, Mama?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Saa kumi na mbili," mama yake alisema. "Na hibi biatu, uache ku nyumba."