Nafasi ya Tatu kwenye Fomu ya Yudith

Nathanaeli hakuwa na cheo. Kwenye daftari la hospitali ya misheni aliandikwa mfanyakazi wa bomba, na watu wa vilima vile, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Bumbuli, walimwita Baba Taa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameutunza mtambo mdogo wa umeme uliokuwa bondeni, pale maji ya mfereji yalipotumbukia ndani ya bomba la chuma na kuzungusha gurudumu. Mzungu aliyeufunga alirudi kwao kabla ya Uhuru, akaacha kitabu cha Kijerumani ambacho hapakuwa na wa kukisoma. Nathanaeli aliusoma mtambo kwa kiganja. Akishika bomba alijua kama majani yamekwama kwenye wavu kule juu, au kama wakulima wamejifungulia maji kabla ya zamu yao.

Yudith, mwanawe wa tatu, alijifunza kushika bomba lile kabla hajajua kusoma. Mwaka wa sabini na mbili, akiwa kidato cha sita, alikuja likizo ya Julai na fomu ya kuombea chuo kikuu. Ukungu ulikuwa haujainuka kwa siku nne. Baba na binti walikaa kwenye kibanda cha mtambo wakizungumza juu ya vyuo kama watu wanaochagua mbuzi sokoni, wanamgeuza huku na huku na hawamnunui. Yudith alitaka uhandisi wa umeme, hilo halikuwa na mjadala. Nairobi walikuwa wakiufundisha tangu zamani, wana mashine na walimu. Dar es Salaam kitivo kilikuwa ndiyo kwanza kinataka kufunguliwa. Nathanaeli aliuliza kama huko Dar wana hata bomba la kushika. Yudith akacheka, akasema labda bado.

"Nairobi watanifundisha walichokwisha kukijua, baba," alisema. "Dar wanaanza. Na mimi naanza. Nataka tuanze pamoja."

Nathanaeli aliona moyo wake ukivutwa Nairobi, lakini alikubali. Asubuhi ya kuondoka, Yudith alimwachia ukurasa mmoja wa ile fomu. Ulikuwa ukurasa wa mzazi: ataje vyuo vitatu anavyoridhia mwanawe asome, atie sahihi, apeleke Ofisi ya Elimu Lushoto. "Tumeshakubaliana," binti alisema. "Huu ni wako."

Alinawa mikono kabla ya kuandika. Nyumbani kwao, mtu aliyelelewa hakurupuki na haja yake. Ukienda kuomba mchumba, au shamba, au zamu ya maji, unakaa kwanza, unauliza watoto, unauliza mahindi. Unataja jambo dogo, kisha kubwa kidogo. Jambo lenyewe unalisema umeshasimama, mguu uko mlangoni, na mwenye nyumba anajua kuwa hilo ndilo lililokuleta. Anayelitanguliza ni mlevi au mtoto. Basi Nathanaeli, kwa mwandiko wake wa shule ya misheni, aliandika Nairobi. Chini yake akaandika Morogoro, kilimo. Mwisho, kwa herufi kubwa kidogo, akaandika Dar es Salaam, uhandisi. Akauona ukurasa umekaa kwa adabu. Akampa Issa, dereva wa lori la hospitali, aufikishe Lushoto.

Wiki mbili baadaye Issa alikuja kumsaidia kuzibua wavu. Katika mazungumzo alimpongeza kwamba Yudith anakwenda Nairobi. Karani wa Lushoto alikuwa amefungua karatasi mbele ya Issa. Nathanaeli akasema hapana, ni Dar, Nairobi ameitaja tu.

Issa akaacha kuvuta majani. "Baba Taa, ofisi haina mlango wa kuagia. Wanasoma cha kwanza, kikipatikana hawashuki chini."

Siku ile Nathanaeli alishika bomba na asisikie kitu. Usiku alimweleza mkewe, Esta, ambaye alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Esta aliendelea kuchambua mpaka ungo ukabaki na mawe tu.

"Ulikosea," aliuliza polepole, "au ulitaka?"

Swali hilo ndilo lililomnyima usingizi kuliko fomu yenyewe. Yudith angejua kwamba baba yake alikubali kwa mdomo na kukataa kwa kalamu. Na yeye angeapaje kwamba mkono ulifuata adabu peke yake, wakati moyo wake tangu mwanzo ulikuwa Nairobi?

Alfajiri alipanda basi la kupitia Soni, akafika Lushoto kabla ofisi haijafunguliwa. Karani, binti aliyeitwa Mwanaidi, alimwamkia shikamoo na kumpa kiti. Alimsikiliza mpaka mwisho, na mwisho ulikuwa mbali, kwa kuwa Nathanaeli alianza na mvua. Ukurasa ulikuwa umekwisha kupelekwa Dar. Kurasa za mzazi na mwanafunzi zikipishana, alisema Mwanaidi, jalada huwekwa kando, na wakati liko kando nafasi zinajaa.

"Andika barua sasa hivi, mzee. Ila mstari wa kwanza useme unachotaka. Usiniletee mahindi."

Akaandika pale pale, kwenye kona ya meza: *Nataka binti yangu Yudith Nathanaeli asome uhandisi wa umeme Dar es Salaam.* Hakuna salamu juu yake. Aliona kama amepiga teke mlango wa mtu. Jasho lilimtoka, na Lushoto ilikuwa baridi.

Alimwandikia Yudith pia, akamweleza yote, hata swali la Esta. Jibu la binti lilikuwa fupi: amesikia. Nathanaeli alilisoma mara nyingi asijue lina uzito gani.

Yudith alimaliza mitihani, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa. Masika yalikuwa yameanza Issa alipoleta bahasha ndefu yenye muhuri. Nathanaeli aliifungua kibandani, akaenda moja kwa moja mstari wa kwanza, kwa kuwa sasa alijua jambo hukaa pale. Kilikuwa Kiingereza cha heshima, wanapokea hiki, wanashukuru kile. Wa pili hivyo hivyo. Alishuka nao mmoja mmoja mpaka chini kabisa, karibu na sahihi. Uhandisi. Dar es Salaam.

Kumbe ofisi nayo husimama mlangoni kwanza, ndipo iseme.

Aliikunja barua, akaiweka ndani ya kitabu cha Kijerumani. Kisha akaweka kiganja kwenye bomba. Maji yalikuwa mengi, mazito, yamebeba udongo. Alitaka kumwita mtu aje naye asikie, akakumbuka kwamba wa kumwita hayupo.