Tumbawe na Visigino vya Mama

Yule mvulana wa Mombasa alikuja shuleni kwetu Thika katikati ya muhula, baba yake, karani wa reli, alipohamishiwa huku. Kabla yake mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza katika jiografia. Darasani sisemi sana, naona haya, lakini mwalimu alikuwa akisoma majibu yangu kwa sauti, na hiyo ilinitosha.

Yeye alikuja na tumbawe. Akaliweka mezani, jeupe, lina matawi kama pembe changa za swara.

"Hili si jiwe," akasema, kwa Kiswahili chake kinachoteleza. "Ni nyumba ya wanyama wadogo sana. Wakijenga pamoja huwa mwamba, na mwamba ndio uvunjao mawimbi yasiule ufuo. Samaki huzalia humo. Ukifa mwamba, wavuvi hulala njaa."

Hayo yote nilikuwa nimeyasoma kitabuni. Yote! Ila bahari sijaiona, na ulimi wangu hujikwaa kwenye r na l. Mwalimu akasema atakayeeleza vizuri zaidi ndiye atakayezungumza siku ya wazazi. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote.

Nikamwomba aniazime tumbawe nijizoeze nalo. "Chukua, ndugu yangu," akasema, bila hata kufikiri. Hata ukarimu wake niliuonea wivu.

Jumamosi nilikwenda nalo nyumbani Ruiru, nikaliacha kando ya karai, nikaenda kuteka maji. Niliporudi, mama alikuwa ameketi akisugua visigino nalo. Kwetu kila mama ana jiwe lake la mtoni la kazi hiyo.

"Hili linashinda langu," akasema. "Umelitoa wapi?"

Matawi yalikuwa yamekwisha, vimebaki visiki.

Jumatatu nikamrudishia mwenyewe, nikamweleza yote yaliyotokea karaini, nikingoja matusi. Akaligeuzageuza. "Lo! Miguu ya mama yako ni msasa?" Darasa zima likacheka. Kisha akavitazama vile visiki, nikamwona anawaza. Hapo nikajua nimeshindwa.

Siku ya wazazi yeye ndiye aliyesimama. "Waliojenga hili walichukua miaka mingi," akasema. "Mama mmoja amelimaliza kabla maji hayajapoa karaini. Sasa fikirini nanga za mashua. Fikirini wanaochoma matumbawe wapate chokaa. Samaki watazalia wapi?"

Karai letu! Visigino vya kwetu! Mbona mimi sikuliona hilo?

Mama, kando yangu, hakukifuata Kiswahili kile cha pwani. "Anasema nini?" akaninong'oneza. Ikabidi nimtafsirie kwa Kikuyu, neno kwa neno, na wamama wa benchi letu wakaniinamia wasikie. Nilipofika kwenye visigino, mama akashika mdomo. "Ngai! Ni mimi huyo!" Akapiga makofi kuliko watu wote.

"Huyo mtoto ana akili," akaniambia. "Hebu sema tena pale pa samaki."

Nikasema tena.