Mkunga Nje ya Seng'enge

Nakumbuka Jumamosi moja ya baraza, mjukuu wangu, na nikiikumbuka damu bado hunichemka. Usinitazame hivyo. Mtu wa umri wangu ana haki ya kukasirika, na leo umenikasirisha wewe. Nimekuuliza mlisema nini kwenye kile kikao cha jiji cha usalama huko Rhonda, ukanijibu, "Hatukuwa na swali, shosho. Tulikunywa soda tukatoka." Keti basi, chai itangoja.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari. Nakuru haikuwa jiji, ilikuwa mji wa reli na vumbi, na sisi tulikaa katika mtaa wa nyumba za chumba kimoja, zimepangwa safu kwa safu. Mimi nilikuwa mke mchanga mwenye mimba ya kwanza. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Akoth, mke wa fundi wa reli, naye alikuwa na mimba iliyotangulia yangu kidogo. Tulishonea watoto wetu nguo pamoja, tukigombania uzi. Na mkunga wetu, wa mtaa mzima, Mwislamu kwa Mkristo, alikuwa Bi Halima, aliyekaa Bondeni, ng'ambo tu ya barabara. Ukiita kwa nguvu alikusikia.

Sasa Jumamosi hiyo tukaitwa barazani. Mzungu aliyesimamia mtaa alisimama mbele na fimbo yake, akasema kwa Kiswahili chao kile cha kuamrisha wapishi, "Mimi nataka nyinyi lala salama. Sisi nazungusha seng'enge mtaa yote. Geti moja. Usiku hapana toka, hapana ingia. Iko neno?"

Ungekuwepo ungeona wanaume wanavyojua kutazama vidole vya miguu. Walikaa mbele kwenye mabenchi, sisi wanawake tulikuwa nyuma, chini, juani. Hedimani wetu, Mwafrika mwenzetu aliyewekwa chini ya Mzungu yule, ambaye watu walimpa jina la Ndiyobwana kwa sababu ndilo neno alilolipenda kuliko ugali, aligeuka akawatazama wanaume kwa jicho kali. Nao wakaitika kama kwaya, "Hakuna neno, bwana." Sauti ya mume wangu niliitambua humo, Mungu amrehemu. Alikuwa na sauti nene, na siku hiyo aliitumia vibaya.

Ndiyo ilikuwa desturi yetu. Mkubwa akiuliza kama kuna neno, adabu ni kujibu hakuna, kisha neno lenyewe unakwenda kulisema nyumbani, kwa mkeo, kwa sauti kubwa. Sikatai kwamba watu waliogopa. Siku hizo mtu alichukuliwa kwa kosa dogo na usimwone tena. Lakini swali la mkunga halikuwa siasa, mwanangu. Mzungu yule alikuwa na mke na watoto. Angelielewa hata akiwa na usingizi.

Seng'enge ikazungushwa. Bi Halima akabaki nje, sisi ndani. Na hakuna aliyelitaja jambo hilo, kana kwamba wanawake wote wa mtaa wangejifungua mchana, saa za kazi.

Uchungu wa Akoth ulimshika usiku. Mume wake alikimbia getini, akamsihi askari, akamwita Bi Halima kwa sauti mpaka mtaa wote ukaamka. Bi Halima alikuja na mkoba wake, akasimama upande wake wa seng'enge. Askari akasema amri ni amri, hana ruhusa ya kufungua, ngojeni kuche. Mimi nilikuwa chumbani na Akoth pamoja na wanawake wengine, na sote hatukujua la kufanya ila kumshika mikono. Bi Halima alikuwa anapaza sauti kutoka kwenye waya kutuelekeza, na upepo wa mlima Menengai ukiyabeba maneno. Akoth alikufa kabla ya adhana ya alfajiri, yeye na mtoto wake wa kiume. Sitasema zaidi hapo.

Matangani wanaume walikuja na nyuso zao ndefu. Walilia, kweli walilia. Bi Halima aliwaacha wamalize, kisha akasimama mlangoni, mwanamke mfupi, mweusi, mwenye macho mekundu kwa kukesha. Akawaambia, "Mnao mdomo wa kulia. Ule wa kusema mliuweka wapi Jumamosi ile?"

Akatugeukia sisi wanawake. "Na nyinyi mliokaa nyuma. Waya ile mliiona inapopita. Mficha maradhi kifo humuumbua, na nyinyi mmemfichia Akoth."

Mume wangu alitoka nje. Jioni aliniambia mama yule hana heshima, kuwasema waume za watu msibani. Nilimwambia alale njaa siku hiyo, na akalala.

Bi Halima alikwenda kwa hedimani kuomba ruhusa ya kupita usiku. Ndiyobwana akamwambia jambo lake ni zuri, litapelekwa, angoje baraza lijalo. Angoje. Tumbo langu lilikuwa limeshuka, siku zimekaribia, mwanangu, nilikuwa natembea nikishika kuta, na mtu ananiambia baraza lijalo. Nililala nikimwona Akoth nikifumba macho na nikiyafumbua. Niliogopa kufa, nakwambia wazi, na nilimchukia kila mwanamume aliyekaa kwenye benchi lile.

Basi siku iliyofuata, jua likielekea kutua, kabla geti halijafungwa, Bi Halima aliingia ndani na mkoba na mkeka wake. Alipita nyumba kwa nyumba akitukusanya wenye mimba tuliokaribia kujifungua. Akatupeleka moja kwa moja kwenye veranda ya ofisi ya mtaa, kulikokuwa na taa na askari, akatandika mikeka, akasema, "Tutalala hapa."

Ndiyobwana alikuja mbio, shati nje ya suruali. "Nyinyi wanawake mna wazimu? Hapa ni ofisi ya serikali."

"Ndiyo sababu tumekuja," Bi Halima akamjibu huku akipanga mito. "Mmesema waya ni ya usalama. Sisi tunautafuta huo usalama, tukaona labda unakaa hapa."

Hakuthubutu kutugusa. Mwanamume gani angemburuta mwenye mimba mbele ya mtaa? Tukalala pale usiku ule, na usiku uliofuata, waume zetu wakituletea uji wakiona aibu. Ndiyobwana kila asubuhi alitufagia kabla bwana hajafika, tukarudi jioni. Lakini uchungu haufagiwi. Wangu ulinishika usiku wa baridi kali, na askari mwenyewe, yule yule wa getini, ndiye aliyefungua mlango wa ofisi ili nisizalie kwenye upepo. Nikajifungua sakafuni, kati ya meza na kabati la bwana. Msichana. Shangazi yako mkubwa, yule anayejifanya mkali.

Kulipokucha, bwana alifungua mlango akatukuta. Akasimama na kofia mkononi. Akamuuliza hedimani hii ni nini, kwa nini hakuambiwa. Na Ndiyobwana, kwa mazoea, akasema, "Hakuna neno, bwana."

Bi Halima hata hakuinuka. Alikuwa anamfunga mtoto. Akasema, "Yapo, bwana. Moja tumelizika. Jingine hili hapa linanyonya."

Akamweleza habari ya Akoth, taratibu, bila kumwogopa na bila kumtukana. Bwana akawa mwekundu. Akamwita askari, akaamuru kwamba mkunga apite saa yoyote, na askari amsindikize na taa. Kisha akaenda kunawa mikono.

Basi. Imeisha. Ilichukua muda mfupi kuliko chai hii kuchemka. Watu hudhani nilifurahi. Mimi nilikaa pale na mtoto kifuani nikalia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimeona jinsi lilivyokuwa jambo rahisi.

Usiniambie nyakati zimebadilika. Najua. Leo hakuna wa kukufunga kwa swali. Najua pia ujanja wao: wanawaita katikati ya wiki watu wakiwa kazini, tangazo wamelibandika jana yake, na meza ya soda iko karibu kuliko kipaza sauti. Hilo nalo ni baraza la fimbo, limevaa suti tu, na nikimpata mkubwa wao nitamwambia. Anayetaka kujua watu wanaogopa nini awafuate wanakoogopea, asingoje waitike kutoka kwenye viti. Lakini wewe ulikuwepo. Unajua kichochoro ambacho dada zako huporwa wakitoka kazini. Unajua taa ipi ya barabarani haijawaka tangu iwekwe. Ulikuwa nalo neno mfukoni, ukarudi nalo nyumbani.

Mwanangu, adabu ni kumsalimu mkubwa, si kumdanganya. Ukiulizwa kama kuna neno, tazama kwanza nyuma yako, uone ni nani hakupewa kiti, kisha useme na lake. Ukinyimwa nafasi, ichukue pamoja na wenzako, kwa mkeka na si kwa mawe, kwani kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Na usingoje msiba ukufungue mdomo. Mficha uchi hazai, na Bi Halima alilijua hilo kuliko wote. Kikao kingine ni lini? Utakwenda, na nitakwenda nawe, hata ikibidi unibebe.

Mungu akupe kifua na akupe maneno. Akulinde uingiapo na utokapo. Akufikishe umri huu wangu, na ukifika, asiwepo jirani wa ukuta kwa ukuta ambaye ungeweza kumwokoa kwa kufungua mdomo. Amina. Sasa mimina chai.