Mke wa Nyumba ya Ndambuki

Kavutha aliolewa mwaka wa 1991, na aliyemwoa alikuwa mwanamke.

Kwa Wakamba wa rika langu maneno hayo hayahitaji ufafanuzi. Kwa wengine nitaeleza. Ndambuki, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alifariki bila mtoto. Mjane wake, Nzisa, alibaki na shamba hapa Kitengela, ng'ombe wa maziwa, na umri uliopita wa kuzaa. Desturi yetu inampa mwanamke kama huyo njia. Anatafuta msichana, anawapelekea wazazi wake mbuzi wa ntheo, wale ambao bila wao hakuna ndoa kwetu, na msichana anakuja kuwa mke wa nyumba hiyo. Watoto atakaowazaa ni watoto wa marehemu. Mwanamume gani alihusika, hilo haliulizwi, na mimi sitalianza leo.

Mbuzi hao niliwapeleka mimi pamoja na Nzisa na mume wangu Mutinda, kwa pikapu yake, hadi Mwala kwa kina Kavutha. Babake Kavutha aliwakagua meno, akamgeukia Nzisa.

"Na huyu bwana arusi, siku yenyewe atavaa suti?"

"Nitavaa gambuti za zizini," Nzisa akamjibu, "kama siku zote."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, na posa ikapita.

Kavutha alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na sauti ambayo ng'ombe waliitii kuliko fimbo. Alfajiri alikamua, asubuhi aliwapelekea maziwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo, Jumapili aliimba kwaya. Alizaa Maweu, kisha Mutheu. Yeye na Nzisa waligombana kuhusu chumvi ya mboga na kuhusu mlango wa zizi, kama watu wowote wa nyumba moja. Nzisa alipougua, ni Kavutha aliyemwogesha na kumgeuza kitandani hadi alipofariki mwaka wa 1999. Watu wa kanisa waliponiuliza huyu ni nani kwenu, nilijibu kwamba ni mke wa nyumba ya Ndambuki. Hilo lilikuwa kweli, na lilitosha.

Taabu ililetwa na Kiilu, mtoto wa shemeji yangu mdogo. Kitengela ilikuwa inajengwa kila upande, na shamba la mtu lilianza kutazamwa kwa macho mengine. Kiilu akasema nyumba ya Ndambuki iliisha Nzisa alipofariki, na Kavutha ni mfanyakazi tu aliyeajiriwa kukamua. Akapata mnunuzi, Githongo, mwenye duka la mabati na simiti. Kavutha alipokwenda ofisi ya ardhi kulalamika, karani alimwuliza jina la mume na cheti cha ndoa. Watoto nao walikuwa wameandikwa jina la mama peke yake. Akaambiwa hana dai.

Mwaka wa 2002 ikatangazwa kanisani kwamba tume ya kurekebisha Katiba ingefika Kajiado, na kila mwananchi angeweza kusema ni haki gani mpya angependa iandikwe. Jioni hiyo Kavutha akaja kwangu.

"Mwaitu, mama yangu, nataka kwenda kusema huko Kajiado."

"Kusema nini?"

"Kuwe na haki ya mtoto kuandikwa kwa nyumba aliyozaliwa. Na mke asitolewe kwake ati kwa sababu hana karatasi ya bwana."

"Mambo ya nyumbani tunayamaliza nyumbani. Ngoja wazee wa ukoo."

"Wazee walikuja, mwaitu. Wakakula kuku, wakasema watarudi. Sasa kuku wameisha."

Nilijua Githongo naye angekuwepo, kwa kuwa wafanyabiashara wetu walikuwa wamemchagua awasemee, na sikupenda mgeni asikie ugomvi wetu. Lakini niliwatazama Maweu na Mutheu waliokuwa wakimngoja langoni. Wangehamia wapi?

"Utakwenda," nikamwambia, "na mimi nitakwenda nawe. Jina la Ndambuki halitatajwa ukumbini bila mtu wa kulisimamia. Ila Kiilu usimtaje. Sema haki, usiseme mtu."

Akakubali.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wengine walitaka haki ya maji safi, wengine ya malisho. Githongo aliomba mfanyabiashara mdogo asivunjiwe kibanda bila notisi, akapigiwa makofi, akarudi kukaa mbele yetu. Kisha Kavutha akaitwa. Mwenyekiti wa kikao, mtu mpole kutoka magharibi ya nchi, akamkaribisha vizuri.

"Jina lako, mama, na la mume wako, tuandike."

"Mimi ni Kavutha. Aliyenioa ni Nzisa."

Kwenye viti vya nyuma, walikokaa Wakamba, kicheko kikaanza. Nzisa kwetu ni jina la kike. Mwenyekiti hakuwa na habari.

"Bwana Nzisa yuko hai?"

"Alifariki. Lakini hakuwa bwana."

"Hakuwa bwana kwa namna gani?"

"Alikuwa mwanamke."

Sasa ukumbi wote ukacheka. Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Mathe, hiyo pombe ni ya asubuhi ama ya jana?" Kavutha, ambaye sauti yake ilisikika hadi ng'ambo ya mto, akageuka kutafuta kiti chake. Mwenyekiti akaweka kalamu chini.

"Mama, kuna watu wengi wanangoja. Kama ni mzaha..."

Angeketi wakati huo, shamba lingekwenda, na jina la Ndambuki lingekuwa kichekesho kutoka Kitengela hadi Matasia. Nikasimama.

"Bwana mwenyekiti, naitwa Mbithe, mjane wa Mutinda. Nimekuwa mwalimu mkuu. Hapa hakuna mzaha."

Nikaeleza, polepole, kama ninavyofundisha darasa lenye kelele. Nikasema mbuzi wa ntheo niliwapeleka mimi, na mmoja wao alitafuna pindo la leso yangu njiani. Nikasema mke aliyeletwa kwa mbuzi hao ni mke, na watoto wake ni wetu. Wakamba waliocheka wakatazama viatu vyao, maana walijua ni kweli, wengine wao wakiwa wametoka katika nyumba za namna hiyo hiyo.

Mzee Parsaoti, mfugaji wa Kimaasai aliyekuwa amesemea malisho, hakungoja kuitwa.

"Sasa mlikuwa mnacheka nini? Kwetu mwanamke asiye na mtoto anapewa mtoto na mke mwenzake. Mtoto ni wake, na ng'ombe ya hiyo nyumba ni ya mtoto. Hakuna mtu anauliza. Wewe mwenyekiti, andika huyo mama."

Mwenyekiti akaichukua kalamu.

"Sema haki yako, mama. Tunasikiliza."

Kavutha akazisema zote mbili, ya mtoto na ya mke, kwa sauti yake ya zizini. Hakumtaja Kiilu. Mwenyekiti alimsomea alivyoandika, akauliza kama ni sawa. Ilikuwa sawa.

Nje Githongo alitungoja kando ya gari lake.

"Mwalimu, hiyo shamba ni ile ya Kiilu?"

"Ni ya Ndambuki."

"Kiilu aliniambia huyu mama ni mfanyakazi. Ati akipewa notisi ataenda."

"Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia mbele ya serikali. Mwalimu, mimi natafuta mahali pa kuweka mabati. Sitafuti kesi na wajane wawili." Akacheka, akafungua mlango. "Pandeni niwarudishe. Mmoja wenu akipigwa na jua nitashtakiwa pia."

Nilidhani angetutangaza vibaya dukani kwake. Kumbe aliwaambia wateja kwamba watu wa Ndambuki hawaachi mke wao. Mke wa mchungaji ndiye aliyenieleza, na alinieleza kwa heshima.

Kiilu alikuja kwangu Jumapili, amekunja uso.

"Mama, umeniaibisha Kajiado."

"Kuna mtu amekuambia nilikutaja?"

Akafikiri. "Hapana."

"Basi hukuaibishwa. Mlango uko wazi bado. Ingia kwa heshima."

Alikunywa chai. Kisha akauliza, "Kwa chifu mnaenda lini kuwaandikisha watoto?" Tulikwenda pamoja naye, na mbele ya wazee wawili akasema Maweu na Mutheu ni watoto wa Ndambuki. Chifu akaandika hivyo, akapiga mhuri.

Kiilu alikuwa ameshapigilia vigingi vya kugawa shamba. Tuliporudi alitaka kuving'oa, Kavutha akamkataza. Vilikuwa vya mti mzuri, akasema, na ndama walikuwa hawana mahali pa kufungwa.