Ruta ya Marehemu

Shemeji yangu, mume wa dada, alifariki akaacha watoto watatu, pikapu moja, kompyuta tano na kisanduku cha bluu ambacho hakuna aliyejua kukifungua. Kisanduku hicho kilikuwa ruta, mashine ndogo inayopokea intaneti kutoka kwenye dishi la juu ya bati na kuigawa kwa kompyuta zote dukani. Bila hiyo, kompyuta za dada yangu zilikuwa za kuchapia barua tu, na barua za kuchapwa pale mtaani Kwa Mrombo hazikutosha kulipia kodi ya fremu ya duka.

Ilikuwa ile miaka ambayo kila mtu alikuwa anafungua kitu. Huyu saluni, yule duka la dawa, mwingine chekechea sebuleni kwake. Kompyuta zilizochokwa Ulaya zilikuwa zinashushwa kwenye makontena pamoja na mitumba, na shemeji alinunua zake kwa jinsi hiyo, moja moja. Watu wa Kwa Mrombo wakitaka kusoma barua pepe walilazimika kwenda mjini. Shemeji akasema intaneti itawafuata hukohuko sokoni, katikati ya wauza ndizi na wauza mbuzi. Walimcheka sana. Mimi niliyesomea kompyuta Dar nilimcheka kuliko wote, lakini kila alipokwama alinipigia simu, na kila aliponipigia nilimsaidia, maana alikuwa mtu wa kupendeka.

Presha ilimwangusha ghafla, dishi likiwa limeshafungwa na ruta ikiwa imeshaanza kupangwa lakini haijamalizika. Tukamzika kijijini kwao Akheri, kwenye kihamba, shamba la migomba la baba yake, mvua ikinyesha.

Kaka yake mkubwa, ambaye watoto walimwita Baba Mkubwa na sisi wote tukafuata, alikuwa mtu wa sauti ya chini. Hao ndio wa kuogopa. Mtu anayefoka utamjibu. Anayenong'ona ameshaongea na wenzake kabla hajafika kwako. Msiba haujapoa, akamwambia dada kwamba fremu ile ni hasara tupu, kwamba kuna mtu wa spea za magari anaitaka, na kwamba yeye na watoto warudi Akheri, ukoo utawalea. Ukoo ungekaa Jumamosi, baada ya ibada ya arobaini. Wakati huo wote, akasema, vitu vya marehemu visiguswe.

Dada alinieleza hayo huku anapeta mchele, kichwa ameinamisha. Sisi ni Wachaga wa Marangu. Pale Akheri yeye ni mwanamke wa kuja. Nilijua maana ya kulelewa na ukoo. Maana yake ni kulima kahawa ya wengine na kuomba ada ya shule ukiwa umepiga magoti.

"Duka likiwa limelala siku ya kikao, basi tena," akasema. "Likiwa macho, angalau nitakuwa na la kusema."

Kampuni ya mjini iliyokuwa inauza intaneti nayo ilikuwa na lake. Walisema kazi yao inaishia kwenye dishi, ruta ni shauri la mteja, na nafasi yetu kwenye mnara wao wa intaneti wataishikilia mpaka Ijumaa wakifunga ofisi. Baada ya hapo anapewa mwingine, watu walikuwa wamepanga foleni.

Kwa hiyo Ijumaa ile niliomba ruhusa kazini, nikaazima kompyuta ya mapajani ya bosi wangu, nikaenda Kwa Mrombo na kebo begani. Ruta ilikuwa kwenye rafu, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili isiingie vumbi. Sijakaa vizuri, mlango ukatiwa kivuli. Baba Mkubwa.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Endeleeni tu. Mimi naangalia."

Akavuta kiti cha wateja, akakaa nyuma yangu, kofia juu ya goti. Siwezi kueleza jinsi ninavyochukia mtu kukaa nyuma yangu ninapofanya kazi. Shingo iliniwasha mpaka jioni.

Nikachomeka kebo, nikafungua ukurasa wa ruta, na jambo la kwanza ililotaka ni neno la siri. Nikaweka lile la kiwandani. Ikakataa. Shemeji alikuwa ameshalibadilisha, kama nilivyomfundisha mwenyewe. Nikajaribu majina ya watoto, mmoja baada ya mwingine. Ikakataa. Nikajaribu jina la dada, namba za pikapu, timu yake ya mpira.

"Dada, hakukutajia hata siku moja?"

"Sijui," akasema, macho chini.

"Miaka yote ile mmekaa chumba kimoja na hujui?"

Nilimkasirikia, nasema kweli. Nilimwona kama mmoja wa wale wake wanaoachia waume kila kitu halafu wanakuja kulia baadaye.

"Jaribu jina la mama yetu," Baba Mkubwa akasema kwa upole.

Nikajaribu. Ikakataa, na safari hii ikafunga kabisa, haikutaka hata kuulizwa tena. Nikazima, nikawasha. Ilikuwa imebaki njia moja. Nyuma ya ruta kuna kitundu kidogo, ukibonyeza ndani yake na kushikilia, mashine inasahau kila ilichoambiwa na kurudi ilivyotoka kiwandani. Neno la siri linafutika. Lakini linafutika pamoja na yote mengine ambayo shemeji alikuwa ameyapanga wiki nzima, amekaa hapohapo na chai yake ikipoa.

Nilieleza hivyo kwa sauti, nikitumaini mtu mwingine ataamua.

Baba Mkubwa akasimama. "Hapo ndipo mtakapokosea," akasema. "Hiyo ni kazi ya mikono ya ndugu yangu. Ukiifuta, umefuta mali ya marehemu kabla ukoo haujakaa. Kesho wazee wataniuliza, nami sitasema uongo. Nitasema niliyoyaona."

Nikaelewa kwa nini alikuwa amekuja. Tusipobonyeza, duka limekufa. Tukibonyeza, dada ni mharibifu wa mali ya marehemu. Kote kuwili alikuwa ametuziba.

"Dada, ni wewe wa kusema," nikamwambia.

Alinyanyua mkono, akachomoa pini kwenye kitambaa cheupe alichojifunga kichwani tangu mazishi, akaigeuza ruta na kuingiza ncha kwenye kile kitundu. Akabonyeza mwenyewe. Taa zikawaka zote kwa pamoja, zikazima zote, kisha moja ikaanza kupepesa. Pale kwenye kioo cha kompyuta, mahali ambapo shemeji alikuwa ameandika jina la duka lake, likatokea jina la kiwanda. Nilihisi kama tumemzika mara ya pili, na safari hii sisi wenyewe ndio tumeshika koleo.

"Haya," Baba Mkubwa akasema. Akakaa tena.

Nikaanza upya. Nikaipa jina. Nikaingiza namba nilizosomewa na kampuni, zile za upande wa mnarani, halafu za upande wa ndani, ili kila kompyuta ipate yake. Kazi yenyewe si ngumu kwa mtu mwenye utulivu, ila kwenye fremu ya jirani alikuwepo fundi wa kuchomelea mageti. Kila alipogusisha chuma, umeme wetu ulinywea na taa za ruta zikafifia. Nilijua umeme ukikatika wakati mashine inahifadhi mipango yake, inaweza isiamke tena, na ruta ya pili hatukuwa nayo. Nikatoka, nikamwangukia yule fundi.

"Nusu saa tu, kaka yangu."

"Geti la watu hili, dada. Mwenyewe yuko njiani."

"Kuna mjane humo ndani."

Akavua miwani, akatazama mlango wetu. "Aisee. Haya, fanya haraka."

Nikarudi mbio. Ilibaki neno jipya la siri. Nikasimama, nikamwambia dada akae kwenye kiti changu.

"Andika neno utakalolikumbuka. Mimi usinitajie."

"Nitajie mimi," Baba Mkubwa akasema. "Mimi ndiye mkubwa hapa. Litakaa kwangu na litakuwa salama."

Dada aliweka kidole kwenye kibao cha herufi, akageuza uso kumtazama. Tangu msiba sikuwa nimemwona akimtazama mtu yeyote wa ukoo ule usoni.

"La marehemu limefutika, shemeji. Umeshuhudia kwa macho yako. Hili ni langu."

Akaandika kwa kidole kimoja, polepole, herufi moja moja. Mashine ikamwomba arudie, akarudia. Mimi nilikuwa nimegeukia kalenda ya ukutani. Baba Mkubwa alinyoosha shingo, lakini neno la siri kwenye kioo huonekana nukta tupu, akaambulia nukta.

Nikahifadhi. Nikajaribu kuuita mnara. Hakuna jibu. Nikaita tena. Hakuna. Nikakagua kebo, nikazichomoa na kuzirudisha. Hakuna. Nikampigia fundi wa kampuni, vocha yangu ikiwa imebaki punje.

"Mimi siwaoni," akasema. "Na huku tunafunga, dada yangu."

"Usifunge! Nisomee namba."

Akasoma kwa haraka, nami nikifuatisha kwa kidole kwenye kioo. Kwenye namba moja ya upande wa mnarani, badala ya sita nilikuwa nimeweka tisa. Nilijitukana kwa Kichaga. Nyuma yangu nilisikia pumzi ya mtu anayecheka kwa pua. Na ili kusahihisha ilibidi neno la siri liingizwe tena, kwa hiyo nikampisha dada, nikageukia kalenda, simu sikioni, vocha inakwisha, na hapohapo, nusu saa ikiwa imeisha, kwa jirani chuma kikaguswa na taa ikanywea. Ikarudi. Nikasahihisha, nikahifadhi. Simu ikakata.

Nikauita mnara mara ya mwisho. Ukajibu.

Ukajibu tena, na tena, mistari ikishuka kwenye kioo bila kukosa. Dada akaenda kwenye kompyuta ya karibu na dirisha, akafungua ukurasa wa gazeti, na picha ikaanza kushuka kidogo kidogo, kwanza nywele za mtu, halafu paji la uso. Alijiziba mdomo kwa kiganja. Mimi nililia waziwazi, sina haya ya kusema. Baba Mkubwa akavaa kofia.

"Tutaonana kesho," akasema.

Kesho yake, baada ya ibada na chakula, wanaume wa ukoo walikaa uani Akheri kwenye viti vya kukodi. Dada alikaa kwenye mkeka na wakwe zake wanawake. Mimi, mtu wa nje, nilisimama jikoni mlangoni nikijifanya nasuuza sahani. Baba Mkubwa alieleza kila kitu kwa sauti yake ya chini, na lazima niseme hakuongeza uongo. Aliposema "akafuta kazi yote ya marehemu", wanawake wawili waliguna.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa baba yao mdogo, mzee mwenye haraka kwa sababu wingu lilikuwa limeshaushika mlima Meru na ng'ombe wake walikuwa nje.

"Mama, ulifuta?"

"Nilifuta, baba."

"Neno la marehemu lilikuwa lipi? Lisemwe hapa, ukoo ulijue."

"Limefutika, baba. Baba Mkubwa alikuwepo."

Mzee akamgeukia. "Limefutika?"

"Limefutika," ilibidi aseme.

"Na hiyo mashine sasa inafanya kazi au haifanyi?"

"Inafanya," Baba Mkubwa akasema.

"Anaifungua nani?"

"Yeye."

"Basi mwacheni aendelee, watoto wasome. Pikapu wewe uichukue, ubebe mbolea ya ukoo. Tumalize, mvua inakuja."

Pikapu iliniuma. Dada hata hakutikisika.

Tulishuka kwa miguu kwenda Tengeru kukamata gari, katikati ya migomba, viatu mkononi kwa sababu ya utelezi. Watoto walikuwa wamebaki na bibi yao mpaka kesho. Nilikuwa naongea bila kukoma, namwiga Baba Mkubwa na kofia yake. Dada akanikatiza.

"Neno lake nilikuwa nalijua."

Nikasimama. "Neno gani?"

"La ruta. Alinionyesha siku alipoliweka, anacheka."

Nilikumbuka shingo yangu inayowasha, fundi wa mageti, ile tisa na sita. Nilitaka kumpiga na kiatu. "Sasa kwa nini usiseme? Hata kuninong'oneza? Tumefuta kazi yake yote!"

"Lilikuwa jina alilokuwa ananiita chumbani," akasema. "Mashine ingefunguka, Baba Mkubwa angejua kuna neno la marehemu, na nani analo. Leo lingedaiwa kikaoni. Umemsikia mzee, ametaka lisemwe. Ningelitamkaje mbele ya wakwe zangu, wazee wazima? Lakini langu mimi, nani wa kunidai?"

Mvua ilikuwa imeanza kugonga majani ya migomba.

"Na hilo jipya," nikauliza, "umeweka nini?"

"Hilohilo," akasema dada, na ndipo, kwa mara ya kwanza tangu tumzike, nikamsikia analia.